Mchapishaji Mdogo na Mafanikio ya Mwandishi wa Kiswahili

I. Utangulizi

Shaaban Robert aliandika Kufikirika mnamo mwaka wa 1946. Kitabu hicho kilitoka Nairobi mwaka wa 1967, na wakati huo mwandishi alikuwa amekwisha kulala kaburini kwa miaka mitano. Kwa miaka ishirini na mmoja kazi hiyo ilikaa bila kuufikia umma, ilhali aliyeitunga hakuwa mtu asiyejulikana. Vitabu vyake vingine vilikuwa vimekwisha kupigwa chapa Uingereza na Afrika Kusini. Ikiwa hayo yalimpata mwandishi tunayemwita baba wa fasihi andishi ya Kiswahili, yapasa tujiulize ni miswada mingapi ya waandishi wasio na jina iliyoliwa na mchwa kwa sababu funguo za nyumba za uchapishaji zilikuwa mikononi mwa watu wachache.

Uhakiki wetu umezoea kuuanza uchunguzi wake pale kitabu kinapokuwa kimekwisha kupatikana. Huchunguza dhamira, wahusika, muundo na lugha, kana kwamba kitabu kilidondoka kutoka mbinguni kikiwa na jalada lake. Aghalabu hatuulizi ni nani aliyekichapa, kwa mtaji gani, na kwa kumtazamia msomaji yupi. Makala haya yanakusudia kuuliza maswali hayo kuhusu kundi moja la wachapishaji ambalo limepuuzwa sana, yaani wachapishaji wadogo. Kwa jina hili tunakusudia mashirika yenye mtaji mdogo na watumishi wachache, ambayo mara nyingi huanzishwa na mwandishi mwenyewe au na rafiki wa waandishi, na ambayo hayana tawi ng'ambo wala fungu la serikali.

Hoja yetu ni kwamba mwandishi wa Kiswahili amepata kupitia wachapishaji hawa mafanikio ya namna tatu, ambayo hatuna budi kuyatenganisha: kupata msomaji anayenunua kwa hiari yake, kupata mamlaka juu ya ukurasa wake, na kuingia darasani. Katika nchi ya Kenya namna hii ya tatu imekua kiasi cha kutishia kuzimeza zile mbili za kwanza, na sisi wahakiki tunayo sehemu yetu katika jambo hilo.

II. Msomaji anayelipa

Katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 riwaya fupi ya upelelezi ilichapwa na shirika la umma. East African Literature Bureau, iliyoasisiwa wakati wa ukoloni mwaka wa 1948, ndiyo iliyotoa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974). Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, shirika hilo lililohudumia nchi tatu kwa pamoja nalo likafikia mwisho wake. Wakati huohuo kampeni ya kisomo cha watu wazima, pamoja na elimu ya msingi iliyotolewa kwa Kiswahili, ilikuwa imezaa Tanzania umati wa watu waliojua kusoma, wasiokuwa na kitu cha kusoma isipokuwa magazeti na vitabu vya mafunzo.

Pengo hilo lilizibwa na wachapishaji wadogo wa Dar es Salaam. Musiba aliendeleza visa vya mpelelezi wake Willy Gamba chini ya Continental Publishers. Kajubi Mukajanga alitoa Kitanda cha Mauti kupitia Grand Arts Promotions. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, akawa na Heko Publishers, na humo zikatoka Tutarudi na Roho Zetu (1987) na Dar es Salaam Usiku (1990). Haya yalifanyika katika miaka ambayo karatasi ilikuwa adimu na bidhaa nyingi zilipatikana kwa foleni. Hakukuwa na mwalimu wa kumlazimisha mtu kununua, wala mtihani wa kumtisha. Aliyetoa shilingi yake aliitoa kwa sababu alitaka kujua Joram Kiango ataponea wapi.

Wahakiki wa wakati ule waliviita vitabu hivi fasihi pendwa, na neno hilo lilitamkwa kwa midomo iliyobinuka. Walishutumu mapenzi ya juujuu, umwagaji wa damu na wahusika bapa. Shutuma hizo hazikukosa msingi. Lakini yako mambo mawili ambayo hazikuyaona. La kwanza ni kwamba Willy Gamba hakuwa nakala tupu ya majasusi wa Kizungu. Visa vyake vilihusu mapambano ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, na kwa njia hiyo siasa ya nchi ilimfikia msomaji ambaye asingesoma hotuba. La pili ni la lugha. Kiswahili cha Mtobwa ni cha mji mkubwa: sentensi fupi, mazungumzo ya kasi, msamiati wa baa na wa teksi. Mhariri aliyezoea kusanifu kila neno kwa ajili ya shule angalikipiga pasi Kiswahili hicho mpaka kikakosa uhai. Yafaa pia ikumbukwe kwamba Dar es Salaam Usiku ilivuka mpaka baadaye na kutolewa na East African Educational Publishers ya Nairobi, na ikafasiriwa kwa Kiingereza. Mchapishaji mkubwa alikuja kuvuna katika shamba ambalo mdogo alikuwa amelilima peke yake.

Kenya nayo ilikuwa na mfano wake, ingawa zaidi kwa Kiingereza. David Maillu alianzisha Comb Books mjini Nairobi, na kuanzia mwaka wa 1973 akatoa vijitabu vya kutia mfukoni, My Dear Bottle na After 4.30 vikiwamo, vilivyosomwa na makarani na makatibu wa ofisini. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka wa 1976. Comb Books haikudumu, lakini kufikia mwaka wa 1980 Macmillan ilikuwa ikichapisha riwaya za Maillu katika mfululizo wake wa Pacesetters. Kwa idara za lugha kitabu chake cha maana zaidi huenda kikawa Without Kiinua Mgongo (1989), kilichotoka katika shirika lake la pili, Maillu Publishing House. Humo Kiingereza na Kiswahili vimechanganywa ndani ya sentensi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme tutakavyo juu ya thamani ya jaribio hilo, ni vigumu kumfikiria mhariri wa shirika kubwa, mwenye jicho lake kwenye shule, ambaye angelikubali. Jaribio la lugha lilihitaji mchapishaji ambaye hakuwa na la kupoteza ila fedha zake mwenyewe.

III. Mamlaka juu ya ukurasa

Mfano ulio bora zaidi wa namna ya pili ya mafanikio ni ushairi wa Kithaka wa Mberia, mwanaisimu na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Diwani yake Mchezo wa Karata na tamthilia yake Natala zilitoka mwaka wa 1997, zikafuatwa na Bara Jingine na Kifo Kisimani mwaka wa 2001, kisha Redio na Mwezi, na nyingine baadaye. Zote hizi zilitolewa na Marimba Publications, shirika dogo la Nairobi ambalo hutambulika hasa kwa vitabu vyake.

Mgogoro wa vina na mizani haukuwa mpya. Ulikuwa umepamba moto tangu Kezilahabi atoe Kichomi mwaka wa 1974, na tangu Mulokozi na Kahigi waitetee hoja yao katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979). Lakini yafaa kukumbuka ni nani waliochapa vitabu hivyo: Heinemann kwa kile cha kwanza, na Tanzania Publishing House, shirika la umma, kwa cha pili. Wanamapinduzi wa kwanza wa umbo walifunguliwa mlango na mashirika makubwa. Walichokitaka katika ukurasa kilikuwa mstari usiofungwa na idadi ya silabi, na mpiga chapa yeyote angeweza kuwapa hicho bila taabu.

Kithaka alitaka zaidi. Katika mashairi yake mengi maneno hayakai tu katika mistari. Hupangwa kwa umbo. Neno huweza kuteremka ngazi kwa ngazi, herufi zikatawanyika au zikakua, nafasi tupu ikawa sehemu ya kauli. Jicho hupata maana kabla ya ulimi. Ushairi wa namna hii hauwezi kukabidhiwa mpangaji wa chapa ambaye kazi yake ni kuokoa karatasi na kunyoosha mistari. Akiusogeza mstari mmoja kushoto ili ukurasa upendeze, ameharibu shairi kama vile ambavyo angeharibu la kimapokeo kwa kufuta kina cha kati. Mshairi wa umbo hana budi kuwa karibu na mtambo, na ukaribu huo ndio hasa anaoweza kuupa mchapishaji mdogo.

Hapa ndipo uhakiki wetu umepungukiwa. Tumeandika mengi juu ya takriri na taipografia katika mashairi ya Kithaka, na tumeyaeleza kama mbinu za mtindo. Ni kweli kuwa ni mbinu za mtindo, lakini pia ni matokeo ya uhusiano maalumu wa uzalishaji. Mtunzi wa kimapokeo hakulihitaji hili. Shairi lake la tarbia lilikuwa na umbo linalobebwa na sikio. Lingeweza kuimbwa barazani, kusomwa redioni, kuchapwa gazetini kwa safu nyembamba, na likabaki lilelile. Shairi la umbo likiondolewa ukurasani mwake limekufa nusu. Kwa hiyo utegemezi wake kwa mchapishaji ni mkubwa kuliko ule wa shairi la kale, na uhuru wa mtunzi wake ni uhuru ulionunuliwa. Anayeupima ushairi huu bila kutaja mchapishaji anaona nusu ya kazi.

Wako watakaopinga kwamba mtu akijichapisha hujipitisha mwenyewe, na kwamba kukosekana kwa hakimu wa nje hufungua mlango kwa kazi mbovu. Pingamizi hili lina uzito, nasi tutalirudia. Kwa sasa tuseme tu kwamba hakimu wa nje naye hujifunga. Mchapishaji mkubwa hupima mswada kwa soko la jana; kile ambacho hakijawahi kuuzwa hana kipimo chake.

IV. Darasa na orodha

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza Kenya mwaka wa 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Tangu hapo mnunuzi mkuu wa fasihi ya Kiswahili nchini Kenya ni mwanafunzi, na mlango wa kumfikia ni orodha ya vitabu teule inayotayarishwa na Taasisi ya Elimu, ambayo tangu mwaka wa 2013 huitwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala.

Jambo la kupendeza ni kwamba orodha hiyo haikuwafungia nje wachapishaji wadogo. Kifo Kisimani, hadithi ya Mwelusi anayeukabili utawala wa Bokono katika nchi ya Butangi, ilitahiniwa ikiwa na nembo ya Marimba. Mstahiki Meya ya Timothy Arege ilitolewa na Vide-Muwa mwaka wa 2009, nayo ikasomwa nchi nzima. Ken Walibora, ambaye Siku Njema yake ya mwaka wa 1996 ilikuwa ya Longhorn, alitoa Kidagaa Kimemwozea mwaka wa 2012 kupitia Target Publications, shirika dogo zaidi, na riwaya hiyo ikawa ya kutahiniwa. Kigogo ya Pauline Kea ilikuwa ya Storymoja. Mtu akitazama majalada haya peke yake angesema kuwa mchapishaji mdogo amekwisha kushinda.

Kwa maoni yetu ushindi huu una pande mbili. Ni kweli kwamba kitabu kimoja kikiingia katika orodha humlisha mchapishaji kwa miaka kadhaa, na fedha hizo zaweza kugharimia diwani ambayo haitauza nakala mia mbili. Mchapishaji mwenye busara hutumia tamthilia ya shule kubeba ushairi, kama mvuvi anavyobeba wavu mpya kwa fedha za samaki wa jana. Lakini orodha hubadilika. Kitabu kikitolewa ndani yake hushuka ghafla kutoka mamia ya madarasa hadi kona ya duka la mitumba. Mchapishaji mkubwa ana hisabati na jiografia za kumshikilia, mdogo hana. Na wakati kitabu kingali katika orodha, wezi wa chapa hukinakili wakauza kwa bei ambayo mwenye haki hawezi kushindana nayo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya ndani. Mwandishi akijua kwamba mlango wa pekee ni orodha, huanza kuandika kwa kuitazamia. Huepuka neno ambalo mzazi atalalamikia. Huhakikisha kuwa kila mhusika anabeba funzo linaloweza kuulizwa kwa alama nne. Huweka methali pale ambapo mtahini atazitafuta. Kwa njia hii mchapishaji mdogo, ambaye sifa yake ilikuwa ni kuthubutu, hugeuka kuwa nakala ndogo ya mchapishaji mkubwa. Tunapolinganisha riwaya za mtaani za Dar es Salaam na tamthilia za shule za Nairobi, tunaona kwamba zile za kwanza zilikosa uangalizi lakini zilikuwa na msomaji huru. Hizi za pili zimepata uangalizi mwingi, na msomaji wake ni mateka.

V. Kasoro na deni

Hatupendi kudai kwamba udogo ni ubora. Vitabu vingi vya wachapishaji wadogo vina kasoro ambazo mwalimu hawezi kuzifumbia macho: makosa ya chapa, upatanisho uliolegea, sura zilizoruka, jalada linaloachana na kurasa kabla ya muhula kwisha. Chanzo chake si uzembe tu. Uhariri ni kazi ya muda mrefu na ya malipo, na mwenye mtaji wa kuchapa nakala elfu moja mara nyingi hulazimika kuchagua baina ya mhariri na karatasi. Akichagua karatasi, mwandishi hupata kitabu lakini hukosa msomaji wa kwanza ambaye angemwambia ukweli.

Kasoro ya pili ni usambazaji. Mwandishi hubeba vitabu vyake begani, akaviacha dukani kwa ahadi, akarudi kudai. Kasoro ya tatu ni umauti. Shirika la mtu mmoja hufa na mtu huyo, au hufa kabla yake. Mtafiti anayetaka leo kuandika tasnifu juu ya riwaya pendwa ya miaka ya 1980 atalazimika kutafuta nakala katika masanduku ya watu binafsi.

Hata hivyo, wakubwa nao hufa, na mara nyingine ni mdogo anayewazika kwa heshima. Kichwamaji ya Kezilahabi ilitolewa mwaka wa 1974 na East African Publishing House, shirika lililokuwa na nguvu katika siku zake na ambalo sasa halipo. Riwaya hiyo imerudi mikononi mwa wanafunzi kwa chapa ya Vide-Muwa, shirika lililotoa pia diwani ya tatu ya marehemu, Dhifa, mwaka wa 2008. Vivyo hivyo, vitabu vya Shaaban Robert vinapatikana leo kupitia Mkuki na Nyota, shirika ambalo Walter Bgoya alilianzisha mwaka wa 1991 baada ya kuongoza Tanzania Publishing House kwa miaka mingi. Mkuki na Nyota ndiyo iliyotoa Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi mwaka wa 1999, riwaya ambayo mwaka wa 2021 ilitolewa kama filamu. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba mchapishaji mdogo ni ngazi ya kupandia tu kuelekea kwa mkubwa. Mara nyingi yeye ndiye ghala.

VI. Wajibu wa mhakiki

Tumesema kwamba hoja ya kukosekana kwa hakimu ina uzito. Jibu lake haliko kwa mchapishaji; liko kwetu. Kitabu ambacho hakikupitia mhariri mkali kinahitaji mhakiki mkali zaidi, tena mapema, kabla ya chapa ya pili. Tufikirie tunayoyafanya badala yake. Kitabu kikiingia katika orodha ya shule, miongozo huandikwa mingi katika mwaka mmoja, na baadhi ya waandishi wake ni sisi. Kitabu kilicho bora kuliko hicho, kilichochapwa katika mtaa uleule na mchapishaji yuleyule, lakini kisichotahiniwa, hupita bila hata aya moja katika majarida yetu. Tumeiacha orodha ituchagulie hata mada za uhakiki. Halafu tunalalamika kwamba waandishi wanaandikia mtihani.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila idara ya Kiswahili ihesabu kuwa ni sehemu ya kazi yake kukusanya vitabu vya wachapishaji wadogo vinapotoka, hata vile visivyovutia, kwa kuwa hatujui ni kipi kitatafutwa baada ya miaka thelathini. Pili, majarida yetu yatenge kurasa za mapitio ya vitabu visivyo katika orodha, na mapitio hayo yaseme waziwazi juu ya uhariri na chapa, si juu ya dhamira tu. Tatu, tuzo ziungane na uchapishaji. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka wa 2014 kwa jina la Mabati na Cornell imeonyesha njia. Diwani ya Mohammed Khelef Ghassani, N'na Kwetu, iliyoshinda mwaka wa 2015, ilitolewa na Mkuki na Nyota, na hivyo mshindi hakuondoka na hundi peke yake, alipata pia kitabu.

Tulianza na mwandishi aliyengojewa na mauti kabla ya kitabu chake. Wapo waandishi leo ambao hawangoji: wanakopa, wanachapa, na wanabeba vitabu begani. Tukiwauliza wamefanikiwa kwa kiasi gani, tusihesabu nakala wala miaka iliyomo katika orodha tu. Tuulize kama waliweza kuandika walichokitaka kwa namna waliyoitaka, na kama alitokea mtu wa kuwasoma kwa makini. Lile la kwanza wamejipatia wenyewe kwa gharama yao. La pili ni deni letu.